Kitambaa Tulichokichoma Kianda

Namshukuru Mungu aliyeniamsha leo nikiwa na macho ya kuona na mikono isiyotetemeka. Yeye ni mwaminifu hata tunapokuwa wajinga. Nimemwomba upole kabla ya kuandika haya, na bado nina hasira.

Binti yangu ana saiba ndogo pale Kianda: kompyuta moja, printa moja, benchi. Huwajazia watu fomu na kuchapa ratiba za mazishi. Miezi michache baada ya fundi wa Kawangware kuibadilishia feni, kompyuta ilianza kuzimika yenyewe. Mwanzo ilikaa saa tatu, baadaye saa moja, mwishowe fomu ilikuwa haifiki nusu.

Jirani yake, mjane anayeuza sabuni mlango wa pili, alikuwa amemfumia kitambaa cha uzi cha kuifunika, kama tunavyofunika televisheni na viti. Kikundi chetu cha maombi kilipokuja kuiombea kompyuta, mama mmoja akauliza kitambaa kimetoka wapi. Akaambiwa.

"Toa hicho kitu uone," akasema.

Kikatolewa, na kompyuta ikafanya kazi mpaka jioni. Wakaimba. Kitambaa kikachomwa nje, mjane akitazama akiwa mlangoni pake. Mimi, mzee wa kanisa, nilikuwa nimeshika Biblia, nikasema amina.

Watu wakaacha kununua sabuni kwake. Kisha mwenye ploti, anayewapangisha vyumba vile, akamwambia ahame mwezi ukiisha.

Wiki mbili baadaye kompyuta ikarudia kuzimika. Kikundi kikasema sasa mjane analoga kwa nyayo, amekanyaga pale mlangoni. Hapo ndipo nilipoona aibu ya amina yangu. Nilikuwa fundi wa injini za lori Kawangware kwa miaka mingi. Injini ikichemka huulizi ni nani amepita karibu. Unashika rejeta, ile inayopoza maji ya injini.

Nikafungua ubavu wa kompyuta na kuiwasha. Feni ilizunguka vizuri, vumbi halikuwepo. Binti yangu akaniwekea kwenye skrini kipimo cha joto la prosesa, ule ubongo wa kompyuta, nacho kikapanda mpaka mashine ikazima. Nikagusa alumini yenye meno kama kitana, ile inayokaa juu ya prosesa kuvuta joto lake. Ilikuwa vuguvugu tu.

"Si ni vizuri, Baba? Haijapata moto."

"Ndiyo shida yenyewe. Moto uko chini na haupandi."

Nikalegeza skrubu. Kati ya prosesa na alumini, mahali pa kupaka dawa ya kupitisha joto, palikuwa na ukoko mweupe uliopasuka kama chokaa. Nikaunusa. Dawa ya meno. Ikiwa mbichi inasaidia. Ikikauka inakuwa ukuta. Kitambaa kilikuwa kimeziba hewa kidogo tu, ndiyo maana kukitoa kulituliza mashine kwa wiki mbili.

Nilitembea mpaka Kawangware kwa yule fundi, karibu na kituo cha Satellite.

"Niaje, mzee."

"Ulipaka nini kwenye ile kompyuta?"

Akacheka. "Hiyo tunatumia wengi, mzee. Si ilifanya kazi ukiona?"

"Inakauka."

"Si ikikauka unarudi?"

"Kuna mama anafukuzwa nyumba kwa sababu ya dawa yako ya meno."

"Hiyo sasa ni mambo ya kanisa yenu. Mimi sikuchoma kitu ya mtu."

Nilitaka kumpiga. Badala yake nikamdai dawa halisi ya kupitisha joto. Akanipa dawa yenyewe, nikaipaka mwenyewe, na kompyuta haijazimika tena.

Jumapili nilisimama mbele ya kikundi nikawaonyesha ule ukoko. Yule mama akasema hata shetani anaweza kutumia dawa ya meno.

"Basi sisi pia alitutumia," nikamwambia. "Twende kwa mwenye ploti."

Walikuja watatu tu. Waliobaki nyumbani bado nawakasirikia, Mungu anisamehe. Mwenye ploti alitusikiliza akaiondoa ile notisi ya kuhama. Tulipomwomba mjane msamaha, hakutukaribisha ndani.

"Nimesikia, mzee," alisema. "Sasa waambie wanunue sabuni."

Nikanunua vipande vitano, nami naishi peke yangu. Tangu siku hiyo yeye hunisalimu, lakini hazidishi neno. Sistahili zaidi.

Wewe unayesoma, Bwana akupe subira ya kuchunguza kabla ya kuhukumu, na jirani wa kukufungulia mlango.