Leso za Posa na Mbu wa Kampala

Wacha niseme mapema: sijuti. Leso zile nilizikata mwenyewe, kwa mkasi wa Nyanya, mchana kweupe, ami akinitazama.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, nami ndiyo kwanza nimepata nafasi ya kwenda Kampala kusomea elimu ya viumbe. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hivyo neno la nyumba yetu ya Kibokoni lilikuwa la ndugu yake, ami, na la mama yao, Nyanya. Wiki ile ile ikaletwa posa kutoka mtaa wa Ganjoni. Watu wazuri, sina la kuwasema. Walileta halua, udi na leso, yaani kanga, doti mbili, moja nyekundu, moja nyeusi, kila doti vipande vyake viwili vingali vimeshikana kama vilivyotoka dukani. Kwetu leso za posa hazikatwi mpaka jibu litolewe. Ukizikata, umekubali. Ukikataa, zinarudi nzima.

Ami alikuwa ameshaamua niolewe. "Homa za mbu zishajulikana," alisema. "Wewe wenda kusoma nini tena huko? Mbu?"

"Naam, mbu. Na vilivyomo ndani yake."

Nyanya alikuwa akichambua mchele. "Humo mna nini, mwanangu?"

Mwalimu wetu alituambia kwamba kuna virusi ambavyo maagizo yake ya urithi hayako kwenye uzi mmoja, yamegawika vipande. Vya mafua vilishukiwa hivyo. Wataalamu walikuwa wakijiuliza kama vya mbu navyo viko hivyo, kwa mfano vya ile homa ya bara inayoharibu mimba za kondoo. Aina mbili zikikutana ndani ya mbu mmoja zingeweza kubadilishana vipande, kikatoka kirusi kigeni kabisa. Miaka mingi baadaye ilithibitishwa kwamba ndivyo. Siku zile lilikuwa swali tu, na swali lenyewe lilininyima raha. Nilitaka niwe miongoni mwa watakaolijibu.

Nikaanza kueleza. Ami akapiga mwayo. Jamani, ule mwayo! Damu ilinichemka. Nikavuta sinia la posa, nikachukua mkasi, nikazikata doti zote mbili katikati.

"Nyanya, tazama. Huyu mdudu mwekundu, huyu mweusi. Wote wameingia kwa mbu mmoja. Wakizaana, wengine watatoka kama walivyokuwa. Lakini huyu je?" Nikaweka kipande chekundu juu ya cheusi. "Huyu hakuna duka lililomuuza. Miili yetu haina habari naye. Ami asema homa zishajulikana. Hii aijua?"

Ami akainuka, uso umemnawiri. "Kakata! Mwaona? Kakubali mwenyewe! Naenda kuwaambia waweke siku."

Ndipo nikaona mikono yangu imefanya nini. Kampala yangu yote ilikuwa mapajani, vipande vinne. Nikataka kulia, nikakataa kumpa ami furaha hiyo.

"Keti," Nyanya akamwambia mwanawe. "Nitakwenda mimi. Nawe, mwana, lete sindano."

Tukapinda leso alasiri nzima. Kila mmoja akapata kipande chekundu na cheusi, Nyanya hakutaka kusikia neno lingine. Tukavaa mabuibui juu yake, tukaenda zetu Ganjoni. Ami alibaki nyumbani akinung'unika.

Mama wa kijana aliyeniposa alitupokea kwa heshima zote. Tulipovua mabuibui akaona leso zake zimekatwa, akaanza kigelegele. Hakukimaliza. Alitutazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Bibi, mbona hazilingani?"

"Ni kusudi," akasema Nyanya. "Mjukuu wangu alizikata akinisomesha, hakuzikata akikubali. Doti nyingine mtaletewa. Yeye anakwenda Kampala."

Yule mama akabana midomo. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeudhika lakini ataka kujua:

"Alikuwa akikusomesha nini hata leso za watu zikakatwa?"

Nyanya akavua leso yake ya kichwani, ile nyekundu, akaitandaza juu ya mkeka.

"Sogea," akamwambia. "Chukulia huyu ni mdudu, kaingia kwa mbu."