Mkwe wangu alikata sentensi ya dada yangu, sasa shamba linaondoka

Msimamizi, ficha jina langu na la mlima wetu, yaani kijiji chetu, lakini usifupishe maneno yangu. Mtaelewa sababu.

Nina umri wa miaka sabini na mmoja. Ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nilisoma na kufundisha Tanzania, nikarudi Burundi, na sasa ninaishi Yoba, mjini Gitega. Mume wa binti yangu huwafundisha watetezi wa watu wanaofukuzwa kwenye ardhi yao namna ya kupiga video za kampeni. Kwa sasa ninamchukia, na ninalisema hilo bila haya.

Dada yangu mdogo ni mjane, mkulima wa Muyinga. Mwaka jana tajiri mmoja mwenye mradi wa shamba kubwa alileta vijana wenye nyundo, wakabomoa nyumba yake na za majirani. Mkwe wangu akawapeleka wanafunzi wake huko wajifunze kwa kumrekodi. Nilikuwepo. Nilimsikia dada akisema, kwa Kiswahili cha kwetu ambacho "juu" ni "kwa sababu": "Tulihama juu walivunja nyumba, tukakimbia na watoto."

Mkwe aliwaambia wanafunzi kwamba video nzuri ni fupi. Akakata. Likabaki neno "Tulihama," kisha picha ya dada ameketi uani kwa jirani, na muziki wa huzuni. Nilipoiona nilimweleza kwamba anayehama hufunga mizigo kwa hiari yake. Aandike kwenye video "tulihamishwa", au airudishe sentensi nzima. Alicheka mbele ya wanafunzi wake.

"Papa, hii si diktee," akasema, yaani si imla ya darasani. "Watu wa simu hawana pasiensi."

Tajiri alikuwa na subira hiyo. Katika kikao cha kusikiliza mgogoro aliinua simu, akaionyesha video hiyo, akairudia, kisha akamuuliza dada kwa upole: "Mama, huyu si wewe? Umesema mlihama. Nani alikufukuza?"

Baadhi ya watu walicheka. Dada akageuka kunitazama.

"Kaka, mi nilisema yote. Iko wapi yote?"

Haipo. Simu za mafunzo zilifutwa ili darasa linalofuata lipate nafasi. Sasa mkwe anataka dada avae kitenge kilekile, aseme upya, nasi tudai kwamba ilirekodiwa siku ile. Nilimwambia atoke nyumbani kwangu, na kwamba akitaka kurudi, kwanza asimame kikaoni akiri kuwa alikata. Alinijibu akiwa mlangoni, bila kunitazama:

"Papa, nikikubali kama hii moja nilikata, zote zitakufa."

Hapo, kwa bahati mbaya, hakukosea. Ana video za milima mingine, za watu waliobomolewa kama dada, na mashauri yao hayajaisha. Binti yangu naye alinipigia simu akilia. Alisema nikimwaibisha mumewe hadharani, nisijihesabu tena kuwa na binti.

Kikao cha mwisho ni wiki ijayo. Nikisimama nikaeleza nilichosikia na kilichokatwa, huenda dada akabaki na shamba lake, na wale wengine wakaitwa waongo. Nikinyamaza, itaandikwa kwamba dada yangu alihama.

Nipeni shauri: nisimame, au nikae? Mtakaonijibu, andikeni sentensi nzima.