Siku za Kuosha Majina

"Maman, unatafuta jina ya nani?"

Aliyeniuliza ni msichana anayeuza maandazi kando ya mto Ruzizi. Alikuwa amenitazama kwa muda nikiwa nimepiga magoti mbele ya kibao cha simenti, kitenge changu kizuri kikigusa matope, mpaka akashindwa kuvumilia. Nilikuwa nimerudi Bukavu kwa wiki moja tu, na asubuhi nzima nilikuwa nikikitafuta kibao hicho, maana nyumba zimeteremka mlimani hadi zikafika mtoni, na njia niliyoijua imegeuka ukuta wa mtu.

Zamani, rafiki yangu, hapakuwa na ukuta. Palikuwa na mawe mapana ya kufulia na wanawake walioinama juu yake, kila mmoja na jiwe lake, na ole wako ukikalia jiwe la mwingine. Nilikuwa na miaka tisa. Kila Jumamosi, siku ya Posho, nilishuka na koko, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, yeye na beseni kubwa kichwani, mimi na dogo. Alifua nguo za majirani. Nakumbuka mlio wa mashuka yakipigwa jiweni, na mlio kama huo ukitujibu kutoka ng'ambo, ambako wanawake wa nchi nyingine walikuwa wakifua katika mto uleule. Nakumbuka bugali baridi uliofungwa kwenye jani la mgomba, na sambaza za kukaanga, vidagaa vya ziwani, kavu na chumvi nyingi, tulizokula kwa vidole vinavyonuka sabuni.

Kipande cha mwisho cha sabuni hakikugusa nguo. Koko alikificha kwenye fundo la kitenge, na kazi ikiisha tulipanda hatua kama ishirini hadi kwenye kibao. Hapo yalikuwapo majina ya vijana, mistari miwili, yaliyochorwa kwa msumari simenti ikiwa bado mbichi. Unyevu wa mto uliyafunika kwa ukungu wa kijani kila wiki, na kila wiki tuliusugua kwa sabuni na maganda ya mahindi, jina kwa jina, kuanzia juu.

"Koko!" wanawake walimtania kutoka chini. "Batoto bako banaoga kila Posho! Bwana yangu hata Noeli haogi!"

"Mulete hapa," koko alijibu bila kugeuka, "nitamusugua pia."

Wakacheka, naye akacheka. Lakini mkono wake haukuacha kusugua, na nilijua kwa nini. Mama alikuwa amenisimulia.

Vita vilipofika kwetu, tonton yangu, yaani mjomba, mtoto wa mwisho wa koko, alikuwa na miaka kumi na saba, na akaenda kujiandikisha jeshini. Koko akamfuata hadi kwenye lango la kambi akiwa na mwiko wa bugali mkononi. Akasimama pale akiliita jina lake, jua likapanda, jua likashuka, mpaka mkubwa wa kambi akachoka na kumtoa nje kijana. Askari wenzake walicheka hadi wakashika mbavu. Tonton alirudi nyumbani akiwa ameinamisha kichwa, mwiko ukitembea nyuma yake. Baada ya wiki mbili akatoroka tena. Safari hiyo alitoa jina lingine, ili mama yake akifika langoni asiwe na la kuita.

Yeye na wenzake walikuwa wakifundishwa kuvuka mto kwa kamba, mizigo mgongoni na mabuti miguuni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kamba ikachomoka. Hakuna adui aliyefyatua hata risasi moja siku hiyo; ni maji tu. Muuza mikate wa mtaani ndiye aliyeleta habari, kwa kuwa alfajiri alimwona tonton kwenye mstari uliokuwa ukishuka mtoni. Hakurudi. Kibao kilipojengwa, jeshi likaandika majina kama yalivyokuwa kwenye daftari lake. Koko alisomewa yote, mara mbili. Mwanawe alikuwa mmoja wao, na hakujua ni yupi.

Basi akayaosha yote.

Jumamosi moja, tukiwa tumefika mstari wa pili, mwanamume mmoja alisimama nyuma yetu. Alikuwa na fimbo, na mvi za mapema kwenye ndevu. Alitazama sabuni, akamtazama koko, kisha akauliza kwa upole kama yeye ndiye yule maman wa mwiko.

Mkono wa koko ukasimama.

"Mimi pia nilikuwa kwa ile kamba," mtu yule alisema. "Mimi nilishika muti. Mutoto yako alikuwa mbele yangu."

Nilidhani koko angelia. Badala yake aliuliza, "Ile siku alikula?"

"Alikula, koko. Bugali na maharagi. Kisha akaomba ingine."

Koko akacheka, cheko fupi lililomtoka kama kikohozi. "Ni yeye," akasema. "Na mabuti? Ilimutosha?"

"Ilikuwa mikubwa. Tulimuwekea makaratasi ndani."

Koko akatikisa kichwa polepole, mara nyingi. Mto ulikuwa ukipita. Yule mtu akainua fimbo yake kuelekea kibao. "Jina yake hapa ni..."

"Wacha," koko akasema, akainua kiganja kilichojaa povu. "Wacha, papa. Nikijua moja, ile ingine nani ataosha?"

Akamshukuru, akampa sambaza zilizobaki. Nami nilikasirika vibaya. Nilimkimbilia mtu yule hadi barabarani, miguu mitupu, nikamvuta shati nikimwomba aniambie mimi tu. Aliniangalia kwa huruma. "Koko yako amekataa," akasema. "Mimi nani?" Kwa siku tatu sikuongea na bibi yangu. Siku ya nne aliniwekea sambaza kubwa kuliko zote kwenye sahani, nikazila zote.

Sasa koko hayupo. Mawe ya kufulia yamo chini ya ukuta. Yule mtu sikumwona tena, na kama bado anaishi, basi ndiye peke yake anayelijua jina. Kibao chenyewe kimepasuka, ukungu umekivaa kama koti, na watu wanaanikia nguo juu yake, jambo ambalo nadhani koko asingelichukia. Niliwahi kufikiri kwamba alininyima kitu. Kwa miaka mingi nimejaribu kumlilia tonton mmoja nikashindwa, kwa sababu alinifundisha kuwasugua wote kwa nguvu moja, na mkono hausahau.

Msichana alikuwa bado anangoja jibu, kibano cha maandazi hewani.

"Ya bote," nikamwambia. "Uko na sabuni?"

Alikuwa nayo, kipande kidogo cha kunawia mikono. Nilianza na jina la juu.