Alhamisi Nne za Gari la Mama Adèle

Mama Adèle wa mtaani kwetu, hapa Butembo, anauza viazi na liki za Lubero, vile vitunguu vya majani marefu, na ana gari. Hayo mawili yanajulikana. La tatu, ambalo nalo kila mtu alilijua, ni kwamba hakuweza kuliendesha. Aliachiwa gari hilo na marehemu mumewe, Esdras, na tangu mume azikwe alikuwa akipanda kiti cha nyuma tu, mkoba mapajani, kama askofu anayekwenda kutoa kipaimara.

Basi gari likawa letu. Usinielewe vibaya, karatasi ni zake. Lakini ufunguo ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko, na mwenye msiba, mwenye mke aliyeshikwa na uchungu, au mwenye magunia ya saruji alipiga hodi, akauchukua. Desturi yetu ni kwamba mwenye gari haulizi unakwenda wapi. Anayeazima gari mara nyingi ana jambo zito, na kumuuliza ni kumvua nguo mlangoni. Ukirudi unatia mafuta kidogo, unaacha mkungu wa ndizi ukijaliwa, unasema asante, yamekwisha. Mimi mwenyewe niliwahi kulichukua siku mbili kwenda kugombana na shemeji zangu Luofu, enzi barabara ile ilipokuwa inapitika, na Mama Adèle hakuniuliza hata kwa macho.

Kisha polisi wakaleta kamera. Waliifunga juu ya nguzo kwenye barabara ya Beni, na kazi yake ni kusoma plake, yaani namba ya usajili, ya kila gari na pikipiki inayopita, kisha kuiweka pamoja na tarehe na saa. Kwenye mkutano wa mtaa walituambia ni kwa ajili ya wezi wa magari. Tulipiga makofi. Mama Adèle alipiga kuliko wote, maana alikuwa ameibiwa vioo vya pembeni mara mbili, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba kioo hakina plake.

Mtu mmoja tu aliuliza swali, seremala Gérard. Alitaka kujua hayo yote yatasomwa na nani. Tulimgunia. Asiye na kosa anaogopa nini? Tulisema hivyo kwa sauti kubwa, na mimi sauti yangu ilikuwemo.

Jumapili moja komite ya arusi ilikutana uani kwa Mama Adèle. Katungu, mpwa wa Gérard, fundi cherehani, alikuwa anaolewa na Amani baada ya wiki tatu. Tukiwa kwenye chai akaingia Luc, mtoto wa ubatizo wa Mama Adèle, polisi aliyepewa kazi ya kukaa mbele ya mashine ya ile kamera. Luc ni kijana mwema. Kasoro yake ni kwamba akijua kitu, kitu hicho kinamwasha mpaka akiseme.

"Marraine, mutuka yako inatembea kupita ya mukubwa wetu," alisema, akatoa simu na kuanza kusoma. Tarehe tatu, jioni, kuelekea Beni. Siku ile Beni kulikuwa na mechi, na hapo tukagundua kwamba msiba aliousema jirani fulani ulikuwa mpira. Tulicheka mpaka chai ikamwagika. "Na alhamisi, marraine! Alhamisi ine zenye kufatana. Saa mbili ya asubui inaenda Beni, saa nane inarudia. Hata mara moja haikosake."

Aliyeacha kucheka wa kwanza ni Mama Vagheni, mama yake Amani. Huyo ni mwanamke anayesikia harufu ya maharage yanayoungua nyumba ya tatu.

"Alhamisi?" alisema. "Katungu naye siku ya alhamisi hapatikanake ku atelier ya kushona. Ni nani njo anaendeshaka hii mutuka alhamisi?"

Katungu alikuwa anamimina chai. Kikombe kilijaa, chai ikafurika kwenye sahani, na bado anamimina. Gérard aliangalia viatu vyake. Mama Adèle hakujua lolote, maana hakuwahi kuuliza. Lakini ile chai aliiona.

"Njo mimi," alisema.

Mama Vagheni akamgeukia.

"Wewe? Tangu lini?"

"Tangu nilichoka kukaa nyuma. Katungu ananisindikizaka, tunauzisha liki kule."

Mama Vagheni alimwangalia kutoka kitambaa cha kichwa mpaka kandambili. "Bon. Donc siku ya arusi, njo wewe utatuletea bibi-arusi ku kanisa. Tutaona."

Jioni ile Katungu alirudi peke yake, akamweleza Mama Adèle. Ninayaandika kwa sababu mwenyewe ameniruhusu. Ana kifafa tangu utoto. Daktari mmoja wa Beni alikuwa amempatia dawa inayomfaa, akataka kumwona kila wiki, kwa wiki nne, mpaka kipimo kikae sawa, na mjomba wake Gérard ndiye aliyekuwa akimpeleka. Hapa Butembo, kwenye kila foleni ya hospitali kuna shangazi wa mtu. Amani alijua, alimwambia kabla mbuzi wa mahari hawajatolewa. Aliyebaki ni mama mkwe, ambaye huamini, kama wengi wetu tulivyoamini, kwamba ugonjwa ule unamrukia anayekula na mgonjwa sahani moja.

"Nitamwambia, tantine," Katungu alisema. "Mais ni mimi njo nitamwambia, siku nitapata nguvu. Hapana siku ile mashini imependa."

Mama Adèle alilia. Kisha akamwita Luc na kumsema robo saa nzima bila kumwambia siri ni ya nani. Alimwambia kwamba yeye alipiga makofi kwa ajili ya wezi, si kwa ajili ya majirani zake. Luc alitoka pale masikio yakimwaka, na tangu hapo ukimuuliza nani amepita barabarani, anakujibu kwamba wamepita watu.

Ikabaki kujifunza kuendesha. Mwalimu alikuwa Lukman wa mtaa wa Beu kule Beni, mwenye malori, anayekuja kupakia viazi vya Mama Adèle kila Jumatatu. Lukman ni mtu mpole. Somo la kwanza alisema bismillahi kimyakimya. La tatu tuliisikia kutoka barabarani. Uwanja wa shule ulikuwa mpana, lakini Mama Adèle alifaulu kuugusa mlingoti wa goli, na watoto wakahesabu ni bao.

"Maman, usiombe musamaha kwa mutuka," Lukman alimwambia. "Ukimutetemekea, naye anatetemeka."

Sitasema uongo, siku ya arusi niliogopa. Mama Adèle alikaa mbele, amevaa kitenge kipya, shingo imenyooka. Gari lilizimika mara nne kati ya nyumbani na kanisani. Wanakwaya waliokuwa nyuma kwa miguu walitangulia, wakaimba wimbo wote wa kuingia, wakaurudia. Lakini bibi-arusi alifika, na Mama Vagheni, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa kanisa tangu alfajiri ili aone, akasogea kumpisha.

Mwezi uliofuata daktari alimtaka Katungu tena, siku ya Alhamisi. Mama Adèle alilisimamisha gari mbele ya nyumba ya wakwe. Mama Vagheni alikuwa kizingitini, mikono kiunoni, anajua vizuri kwamba ni Alhamisi tena. Katungu alifungua mlango wa nyuma, lakini hakuingia.

"Mama mukwe, panda," alisema. "Leo tuende sisi wote. Niko na neno ya kukuambia mu njia."

Mama Vagheni alimwangalia mkwe wake, akamwangalia dereva, akafanya ishara ya msalaba, akapanda.

Walipita chini ya kamera, ikasoma plake yao kama kawaida. Mbele kidogo malori yaliwapita, na pikipiki, na hata mzee mmoja mwenye baiskeli ya mkaa. Mama Adèle hakuongeza mwendo. Mpaka Beni ni kilomita hamsini na kitu, na alitaka Katungu azipate zote.