Mshale Kwenye Jiwe la Kona

Kama hujazungushwa na Mama Luka katika kile chuo cha ualimu nje ya mji wa Shinyanga, hujakiona, umekipita tu. Mama huyo jina lake hasa ni Generosa. Miaka ishirini na saba amefagia korido za chuo, na kwa miguu yake ile yenye magaga anajua kila jiwe lilipolala. Hata mkuu wa chuo akipata mgeni humwita yeye, maana mkuu anaijua ofisi yake na choo cha ofisi yake, basi.

Jumanne ile mgeni alikuwa mzito. Bi Suzana, afisa wa majengo ya kale kutoka Mwanza, alikuja kuamua jambo moja: bwalo la zamani lililojengwa na mapadre wa Kijerumani, lenye matao matano ya mawe, libaki au libomolewe. Akiandika "bovu," tingatinga linaingia mwezi ujao.

"Twende kwa miguu, mwanangu," Mama Luka alimwambia. "Jengo haliangaliwi kwa dirisha la gari."

Wakaanzia mabweni, yenye kuta nene kuliko tumbo la ng'ombe aliyeshiba. Akamwambia aweke kiganja ukutani, jua la saa saba hilo, asikie ubaridi. Suzana akaweka, akatabasamu, akaandika. Mama Luka akavimba kama andazi. Moyoni alishashinda.

Walipozunguka nyuma ya bwalo, andazi likanywea.

Chini ya jiwe la kona palikuwa na shimo, limekingwa kwa mabua ya mahindi kama bustani ya mchicha. Ndani kichwa kilipanda na kushuka. Kilikuwa cha Mwigulu, mlinzi wa chuo, mdogo wa marehemu mume wa Mama Luka, aliyewahi kuchimba dhahabu Mwakitolyo akarudi na kikohozi.

"Shikamoo, shemeji."

"Shikamoo ya shimoni siipokei! Toka! Unafanya nini humo, fuko wewe?"

"Nafuata mshale."

Mshale ulikuwepo kweli, umechongwa kwenye jiwe, ncha ikitazama chini.

"Mali ya Mjerumani, shemeji. Nimefika futi tano. Hata udongo umeanza kubadilika rangi."

"Umebadilika kwa sababu umefika kwenye msingi, zuzu! Mwakitolyo yote hukuambulia hata ya kuziba jino, leo dhahabu ikungoje wewe chini ya sahani za wanafunzi?"

Mwigulu akasimama, vumbi kwenye kope. "Usinitukane mbele ya mgeni. Nani alisema mshale unaonyesha padre alipofukia sanduku? Si wewe? Kila kundi unaloleta hapa, nimekaa na rungu langu nasikia. Mwaka wa saba huu!"

Ni kweli, sanduku alilitia Mama Luka mwenyewe kwenye hadithi, maana wanafunzi walipiga miayo kwenye matao. Wakisikia sanduku, huacha kutafuna karanga. Alijua tangu mwanzo kwamba mshale ni alama ya fundi aliyelichonga lile jiwe, ili kazi yake ijulikane.

Suzana alikuwa amepiga magoti, kidole kikifuata ufa mpya uliopanda kwenye tao. "Mama, ni kweli?"

Angeweza kumtupia Mwigulu yote. Mlinzi aliyekutwa shimoni nani atamtetea? Hasira ikazunguka ikitafuta pa kutua, ikatua kwake mwenyewe.

"Kweli. Sanduku nililitunga mimi, wasinisinzilie. Lakini msingi sikuutunga. Shuka uone."

Suzana akavua viatu, akashuka. Akagonga mawe, akapima, akatoka na magoti mekundu.

"Msingi ni mzima. Ila kona mmeiacha hewani. Ijazwe mawe na kushindiliwa kabla ya Jumanne ijayo, nirudi nipime ufa. Ufa ukitulia, nitaandika libaki. Ukiendelea kupanda, mama, siwezi kuandika uongo."

"Usiandike. Wa kwangu umetosha."

Gari lilipoondoka, Mama Luka alikaza kanga kiunoni, akanyanyua jiwe.

"Shemeji," Mwigulu akabembeleza, "tungemalizia japo futi moja..."

Jiwe likatua karibu sana na vidole vyake. Hakumalizia. Akashika shindilio, akaanza kushindilia, na kila alipopumzika kukohoa, Mama Luka alikuwa juu yake na jiwe jingine mkononi, machozi yakimtoka kwa hasira, akimtukana yeye mara moja, na kujitukana mwenyewe mara mbili.