Jani Moja Kwenye Mgomba

Tulimzika kaka yangu mwezi uliopita. Wageni walipokwisha kuondoka na viti vya kukodi vikarudishwa, nilizunguka nyuma ya nyumba nikamkuta mke wake akikata mgomba ulioangushwa na upepo, awape ng'ombe. Panga liliingia na ile sauti nzito ya kitu kilichojaa maji. Nikasimama hapo hapo. Kabla sijajua kusoma niliijua sauti hiyo. Ndiyo unayoitoa mshale ukipiga mgomba.

Sisi tulilelewa kwenye mteremko ulio kati ya majani chai na mto, huku Bomet. Siku za wiki, ukitoka shule unabeba kikapu cha kuchumia chai. Jumapili kituo cha majani kilikuwa kimefungwa, na baada ya kanisa na ugali wa wimbi na mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, watoto wa jirani walikuja malishoni kwetu na pinde zao. Zilikuwa pinde za watoto, za fito ya mti mgumu na kamba ya nailoni, na mishale ya mti mtupu bila chuma. Manyoya ya mishale yalitoka kwa jogoo wa kogo, nyanya yetu. Jogoo huyo alitujua. Akiona watoto wawili wamesimama pamoja wakinong'ona, alikuwa ameshapanda juu ya paa la jikoni.

Tulisimamisha kipande cha mgomba kwenye ukingo wa malisho, na juu yake kaka akachomeka kwa mwiba jani kuukuu la chai, lile pana tusilochuma. Kupiga mgomba kulikuwa kazi ya kila mtu. Kupiga jani ndiko kulikokukalisha kwenye jiwe la juu, ukala mahindi ya kuchoma ya kwanza huku wengine wakikuangalia.

Mimi sikuwahi kukalia jiwe hilo. Nilikuwa msichana peke yangu pale, na mama mmoja jirani alimuuliza kogo nitajifunza kupika lini. Kogo akamwambia kupika nimeshajua, sasa acha nijifunze kitu kigumu. Lakini mishale yangu ilienda kwenye ua, kwenye nyasi, na siku moja kwenye kapu la nguo za kanisa. Wavulana walisema watasimama wao mbele ya shabaha, ndipo mahali salama zaidi nikipiga. Kaka peke yake hakucheka sana. Alinipanga miguu, akanivuta kiwiko, akanifunga mdomo kwa kidole. "Simama kama ng'ombe anayesikiliza," alikuwa akisema, na wote tulijua ng'ombe huyo anavyosimama.

Halafu Desemba ikakaribia. Kaka alikuwa aingie jandoni na vijana wa rika lake. Kogo aliniketisha jikoni, moshi ukituuma macho, akanieleza bila kunificha. Alisema akirudi nitamsalimu kama mtu mzima, na yeye hatacheza na watoto tena, hata akitaka. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Sikulia. Nilichowaza ni kwamba ilikuwa imebaki Jumapili moja, na nilitaka kupiga lile jani kaka angali wetu, aone.

Jumapili hiyo mawingu yalianza mapema kupanda kutoka upande wa msitu. Unaijua mvua ya kwetu, haichelewi. Wavulana walipiga haraka haraka, kogo akitutazama kutoka mlango wa jikoni. Zamu yangu ilipofika, nilikosa. Nikapewa mshale mwingine, nikakosa. Mmoja wao akauliza jani limenikosea nini hata nalikwepa hivyo. Ngurumo ikapita. Watoto wa jirani wakaanza kukusanya mishale yao.

Kaka alikuwa akiniangalia mikono. Akaja akasimama nyuma yangu.

"Wewe unachuma," akaniambia.

"Sichumi. Nalenga."

"Unachuma. Mshale bado uko kwa kamba, na jicho limeshaenda kwa kogo kuona kama anakuangalia."

Ilikuwa kweli. Ukichuma majani, mkono unavunja hapa na jicho liko kwenye kichaka kinachofuata. Mama alikuwa amenifundisha hivyo, na nilikuwa mwepesi kuliko watoto wengi. Mikono yangu haikujua Jumapili ni siku nyingine.

"Leo hakuna jani lingine," kaka akasema. "Ni hilo tu. Kaa nalo mpaka usikie limepigwa."

Nikavuta kamba hadi kidole gumba kikagusa shavu. Tone la kwanza la mvua liliniangukia sikioni, nikaliacha. Niliona jani, kisha nikaona mshipa wa katikati ya jani, kisha sikuona kogo wala wavulana wala wingu. Sikumbuki kuachilia. Nakumbuka sauti tu, na jani likiwa halipo.

Kogo alipiga vigelegele hadi ng'ombe wakageuka. Yule aliyenitania alienda mwenyewe kuhakikisha, akarudi akisema ni upepo, wakamzomea wote. Kisha mvua ya mawe ikatuangukia na hakuna aliyekalia jiwe lolote. Kaka alinibeba mgongoni tukateremka mbio kwenye nyasi zinazoteleza, upinde wangu ukimgonga kichwa, akipiga kelele njia nzima kwamba amembeba mpigaji na watu wapishe. Jikoni kogo alinipa mahindi ya kwanza, meusi kidogo upande mmoja. Sijala mahindi matamu kama hayo tena.

Malisho yale leo ni chai tupu hadi mtoni. Watoto wana michezo yao, na siwalaumu, inafurahisha. Kaka alirudi kutoka jandoni amenenepa, akanipa mkono, akaniuliza habari ya shule. Alikuwa mtu mwema miaka yake yote, na mwezi uliopita watu walijaa boma lote kumlilia. Lakini yule kijana aliyenibeba alikuwa ameondoka zamani sana, Jumapili ile ya mvua, na hakuna aliyemlilia. Mimi niliyekuwa karibu naye zaidi nilikuwa mgongoni kwake, nikicheka.