Bomba Si Mpaka

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kiti. Mhandisi wa Mji, Mwingereza mrefu aliyebaki Kisumu kwa muda baada ya Uhuru, alinipeleka nyuma ya soko, akaamuru kifuniko cha chuma kiinuliwe, akaniambia nishuke. Lilikuwa shimo la ukaguzi, ambalo mafundi hulitumia kulifikia bomba la majitaka na kulizibua. Nilishuka na suruali yangu ya kanisani.

"Ukitoka humo na bado unataka kazi," alisema kutoka juu, "njoo ofisini."

Nilitoka, nikanawa, nikaenda ofisini. Kazi niliitaka sana.

Mwaka wa kwanza nilishika fito ya kupimia huku mpimaji akiitazama kwa darubini yake, ili tujue ardhi inapanda wapi na inashuka wapi. Majitaka huenda kwa mwinamo. Bomba likilala mno, uchafu unatuama na kuziba, na likiinama kupita kiasi, maji yanakimbia na kuacha uchafu nyuma. Baadaye nilihamishiwa kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka, karibu na ziwa, ambako wenzangu walidhani nimeadhibiwa. Mimi nilipapenda. Nilijifunza kulitambua bwawa zima na bwawa gonjwa kwa rangi yake tu. Niliporudi makao makuu nilikuwa mpimaji kamili, na nilijua hivyo.

Kufikia hapo Mhandisi wa Mji alikuwa Mwafrika, mtu mpole wa upande wa Mumias. Ndiye aliyeniita asubuhi moja akaniwekea ramani mezani.

"Manyatta," alisema. "Utakuwa mpimaji wangu na mkalimani wangu, maana mimi Kijaluo sikijui."

Siku hizo Manyatta ilikuwa nje ya mpaka wa mji, chini ya baraza la wilaya jirani. Watu walikuwa wamejaa, visima na vyoo vya shimo vikikaribiana. Mvua kubwa ikinyesha, vyoo vilifurika, na zahanati ilijaa watoto wa kuharisha. Mji nao ulikuwa umepanuka upande wa juu, na njia ya pekee ya kuteremsha majitaka yake bila pampu ilikatiza Manyatta. Kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwenzake alikihitaji. Mtu angedhani mapatano yangekuwa rahisi.

Hayakuwa rahisi. Mwenyekiti wa wajumbe wa baraza jirani alikuwa Mzee Ogola, mwalimu mstaafu aliyezungumza polepole kama anayeandika ubaoni. Katika mkutano wa kwanza, ndani ya ukumbi wa kanisa, alitaja hofu yao waziwazi.

"Leo ni bomba. Kesho mtasema aliye na bomba ni mtu wa mji, alipe kodi ya mji, na asizike nyumbani kwake. Sisi tunazika nyumbani."

Nyuma yake alisimama Mama Dorina, mjane aliyeuza nguo katika soko la Kibuye. "Mmepigilia vigingi vyenu kwangu," alisema. "Vimepita juu ya mume wangu."

Nilitafsiri, na Mhandisi akanigeukia. Vigingi nilivipigilia mimi mwenyewe. Kaburi lile halikuwa limejengewa, nyasi zilikuwa zimelifunika, na hakukuwa na mtu nyumbani siku ile. Mhandisi aliomba mkutano usimame, tukaenda sote kwa miguu hadi boma la Mama Dorina. Alituonyesha kaburi la mumewe, la mkwe wake na la mtoto. Mhandisi alivua kofia. Tulipotoka langoni alinivuta kando.

"Tutalizunguka," aliniambia. "Nitafutie njia."

Kulizunguka kulimaanisha kupinda bomba, na kila linapopinda lazima pawe na shimo la ukaguzi, kwa kuwa hapo ndipo huziba. Mwinamo nao ulipungua. Nilipima upya, nikapata njia iliyotosha kwa shida, mradi tuchimbe kwa kina zaidi.

Mkutano wa mwisho Karani wa Mji alikuja mwenyewe. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa watumishi wote wa halmashauri ya mji, mwanasheria aliyezaliwa mbali na ziwa. Alisikiliza mambo ya makaburi na mpaka hadi uvumilivu ukamwishia, akaniambia kwa Kiingereza, "Waambie wakikataa tutaichukua njia hiyo kwa sheria."

Ukumbi ulinitazama.

"Bwana Karani," nilimjibu kwa Kiingereza, "nikilitafsiri hilo, mkutano umekwisha. Naomba uliseme kwa namna nyingine."

Alikaza uso. Mhandisi, aliyekaa kati yetu, akasema kwa upole, "Anasema kweli, Bwana."

Karani alifungua daftari lake. Kisha akasimama, akawaelekea wazee, akasema mwenyewe kwa Kiswahili, "Nyinyi mnaogopa nini hasa? Niambieni nikiandike."

Mzee Ogola alielewa bila mkalimani. "Andika kwamba bomba si mpaka," alisema. "Na kwamba kaburi halitaguswa."

Yaliandikwa yote mawili. Baraza jirani lilitoa njia, na mji ukakubali kuunganisha zahanati, shule na vyoo vya soko kabla ya nyumba yoyote ya mjini. Siku zahanati ilipounganishwa, nesi alivuta mnyororo wa choo, akasikiliza maji yakienda, akavuta tena. Mama Dorina alinitumia samaki.

Miaka ilipita, na serikali ikaupanua mji. Manyatta ikaingia ndani ya mpaka. Mzee Ogola alikuja ofisini kwangu, akaketi bila kukaribishwa.

"Mlituandikia bomba si mpaka."

"Si bomba lililouhamisha, Mzee."

"Hayo ni maneno ya ofisini."

"Ndiyo, Mzee. Lakini sharti la makaburi mji umelirithi, nao umefungwa nalo. Nimeshamweleza Karani mpya, na amekubali."

Alifikiri, akainywa chai yangu yote. "Basi," alisema, "mtaniunganisha lini mimi?"

Tulimuunganisha kabla ya mvua.

Sasa nimestaafu, niko Asembo Bay. Vijana huniuliza kama nilijutia kazi yenye harufu. Sijutii. Niliwaona watoto waliopona, na nilijifunza kwamba ramani haimwonyeshi mjane wala hofu ya mzee. Juzi wachuuzi wa samaki wa hapa ufuoni waligombana na jirani zao wa juu kuhusu mtaro wa maji machafu, wakaniomba nikae mwenyekiti. Nimekubali, kwa sharti kwamba pande zote mbili tuutembee mtaro wote pamoja kabla mtu yeyote hajafungua mdomo. Jumatatu tunaanza.